Mtu Mzima Naye Apimwe Upya

Ndugu wasikilizaji, nanyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumze juu ya historia ya maneno mawili. Neno la kwanza ni skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwapo. La pili ni usonji, hali ya kimaumbile anayozaliwa nayo mtu, inayomfanya aelewe maneno, watu, sauti na mazoea kwa njia iliyo tofauti na ya wengi. Leo madaktari wanayahesabu kuwa mambo mawili mbalimbali. Lakini maneno hayo yalizaliwa nyumba moja na baba yao ni mmoja. Yalikaa pamoja kwa muda wa miaka 60 na zaidi kabla ya kutenganishwa, na wako watu wazima miongoni mwetu ambao mpaka leo wanabeba mzigo wa ujirani huo.

Mimi ni mmoja wao. Mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka 22, niliandikiwa skizofrenia. Mwaka 2017, nikiwa na miaka 46, nilikwenda kuomba nichunguzwe upya, na jina likabadilika. Habari zangu nitazieleza kidogo mahali pake. Sizileti ili nihurumiwe, bali kwa sababu bila historia niliyoisoma baadaye nisingeelewa ni kipi kilichonipata.

Haya, tuanzie mwanzo. Mwaka 1908 daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mkuu wa hospitali ya Burghölzli mjini Zürich, alilileta neno skizofrenia mbele ya madaktari wenzake. Mwaka 1911 akachapisha kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo. Katika kueleza dalili zake, alihitaji neno la kumtaja mgonjwa aliyejifungia katika ulimwengu wake, asiyejali tena yanayotendeka nje. Akalitunga kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mwenyewe". Neno hilo ndilo otizimu, ambalo sisi kwa Kiswahili tunaliita usonji.

Hebu tulishike vizuri jambo hilo. Otizimu haikuanza ikiwa hali inayojitegemea. Ilianza ikiwa dalili moja ya skizofrenia. Na Bleuler alipolitumia neno hilo hakuwa akiwafikiria watoto hata kidogo.

Baada yake walikuja watu watatu, kila mmoja mahali pake. Wa kwanza alikuwa Grunya Sukhareva, daktari mwanamke wa Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1925 alieleza habari za wavulana sita, wenye akili nzuri, waliopenda kuwa peke yao, wenye kushikilia mambo yao kwa bidii ya ajabu. Ukisoma leo unauona usonji waziwazi. Lakini neno alilokuwa nalo lilitoka katika ukoo uleule wa skizofrenia, akalitumia hilo.

Wa pili alikuwa Leo Kanner wa Baltimore, Marekani. Mwaka 1943 aliandika habari za watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Wa tatu alikuwa Hans Asperger wa Vienna, ambaye mwaka 1944 aliandika habari za wavulana wanne. (Wanahistoria walionyesha mwaka 2018 kwamba Asperger alishirikiana na utawala wa Kinazi, na watoto wengine walipelekwa katika kituo ambako watoto walemavu waliuawa. Historia ya tiba ina kurasa zake nyeusi.) Kanner na Asperger wote wawili waliliazima neno la Bleuler. Walipoliazima neno, wakaazima na kivuli chake.

Kivuli hicho kilikaa sana. Mwaka 1949 Kanner mwenyewe aliandika kwamba haoni uwezekano wa hali hiyo kutengwa na skizofrenia siku za mbele. Huko New York, katika hospitali ya Bellevue, daktari Lauretta Bender aliwatibu kwa umeme kichwani watoto walioandikiwa skizofrenia ya utotoni, na mwaka 1947 alitoa taarifa ya watoto wapatao 100. Mwaka 1968 madaktari wa akili wa Marekani walitoa toleo la pili la mwongozo wao wa kuyapa magonjwa majina. Usonji haukuwa na mlango wake humo. Mtoto mwenye tabia za namna hiyo aliwekwa chini ya skizofrenia, aina ya utotoni.

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 1971. Daktari Israel Kolvin na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliwaangalia watoto na kuuliza swali jepesi: mambo haya yalianza lini? Wakakuta makundi mawili. Kuna watoto ambao tofauti yao ilionekana kabla ya kutimiza miaka mitatu. Na kuna wengine waliokua vizuri, kisha wakaanza kuugua baadaye, na hao ndio waliosikia sauti zisizokuwapo, na ndio ambao katika ukoo wao skizofrenia ilionekana zaidi. Mwaka 1972 Michael Rutter wa London alitetea kwa nguvu kwamba haya ni mambo mawili.

Kuna ushahidi mmoja mdogo wa mabadiliko hayo ninaoupenda. Mwaka 1971 lilianzishwa jarida la kitaalamu lililoitwa Jarida la Usonji na Skizofrenia ya Utotoni. Mwaka 1979 jarida hilohilo likabadilishwa jina, na neno skizofrenia likaondolewa katika jalada. Mwaka uliofuata, 1980, toleo la tatu la mwongozo wa Marekani likaupa usonji mlango wake. Naam, ndugu zangu, talaka ikakamilika.

Lakini talaka hiyo iliandikwa kwa ajili ya watoto. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Vitabu vilibadilika, mafaili hayakubadilika. Mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1980, aliyekwisha kuandikiwa skizofrenia, nani alimfuata nyumbani kumwambia arudi aulizwe upya? Hata jina lililoandikwa mwaka ule lilisema usonji wa utotoni, kana kwamba mtoto huyo hatakua.

Watoto wale walikua. Yule wa kwanza katika orodha ya Kanner, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, katika jimbo la Mississippi, alifanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka 1981 daktari Lorna Wing wa London aliirudisha kazi ya Asperger mbele ya wasomaji wa Kiingereza, akaonyesha kwamba wako pia watu wenye usonji wanaosema vizuri na wenye akili nzuri. Tangu hapo watu wazima wakaanza kujitazama.

Mmoja wao ni Wenn Lawson, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Australia. Alipokuwa mdogo alihesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Akiwa kijana akaandikiwa skizofrenia, akaishi na jina hilo kwa muda wa miaka 25 hivi. Mwaka 1994, akiwa na miaka 42, ndipo alipoelezwa kwamba ana usonji. Baadaye akawa mwanasaikolojia na mwandishi wa vitabu juu ya hali hiyo.

Huko Uingereza watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba kuwahoji watu wazima, na mwaka 2011 wakachapisha matokeo: kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila 100 ana usonji. Bunge la nchi hiyo lilikwisha kupitisha sheria ya usonji mwaka 2009, ikihusu hasa watu wazima. Yaani ilibidi litungwe hadi jambo la sheria ili mtu mzima naye akumbukwe.

Sasa turudi kwetu. Hospitali zetu kongwe za akili, Mathari ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910 na Mirembe ya Dodoma ya miaka ya 1920, zilijengwa na wakoloni, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwaweka pembeni watu wazima walioleta usumbufu. Hazikujengwa ili kuuliza mtu alichezaje alipokuwa na miaka mitatu. Habari za usonji zilifika mapema kuliko tunavyodhani: mtafiti Victor Lotter, ambaye mwaka 1966 alikuwa ametoa hesabu ya kwanza ya watoto wenye usonji huko Middlesex, Uingereza, alizitembelea nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, na mwaka 1978 akachapisha taarifa ya watoto aliowaona katika vituo vya walemavu wa akili. Mtoto wa miaka minane wa siku zile leo amepita miaka 50. Na hao ni wale waliokuwa vituoni. Waliokuwa majumbani, mashambani na madarasani hawakuhesabiwa na mtu.

Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2007 kwamba tarehe 2 Aprili iwe siku ya usonji duniani. Siku hiyo hapa kwetu tunaona watoto wakiimba, wazazi wakihojiwa, walimu wakipongezwa. Ni jambo jema. Lakini mtu wa miaka 45 anayeisikiliza redio siku hiyo, akajisikia yeye ndiye anayesemwa, aende wapi?

Sasa nieleze yangu. Mwanzoni mwa mwaka 1993 mama yangu alifariki. Mwezi huohuo ofisi niliyokuwa karani ilihamishwa jengo, na kila kitu nilichokuwa nimekizoea kikavurugika. Niliacha kula, niliacha kulala, nikaacha kusema. Majirani walisema yao, na ndugu wakanipeleka hospitali. Daktari aliniuliza, "Unasikia sauti?" Nikajibu, "Ndiyo." Na kweli nilizisikia: feni iliyokuwa ikilia darini, muuguzi aliyekuwa akiita majina nje ya mlango, na lori lililokuwa likirudi nyuma uani. Sikujua kwamba swali lile lina maana nyingine. Akaniuliza maana ya "haba na haba hujaza kibaba". Nikamwambia inategemea ukubwa wa kibaba, na kama hakivuji.

Msicheke sana, ingawa shangazi yangu alicheka. Kumpa mtu methali aifafanue ni kipimo cha zamani katika tiba ya akili. Anayeyashika maneno kama yalivyo, bila kuliona fumbo, huhesabiwa kuwa fikira zake zimeathirika. Lakini kuyashika maneno kama yalivyo ni tabia ya watu wengi wenye usonji pia, tangu utotoni, wakiwa wazima kabisa. Vilevile, huko Ulaya mtoto asiyetazama watu machoni hushtua wazazi. Kwetu, kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kuwa na adabu. Mimi nilisifiwa sana.

Daktari yule simlaumu. Alikuwa na kitabu cha wakati wake na mgonjwa mmoja aliyekonda, na foleni ndefu mlangoni. Nilipewa vidonge, kisha sindano ya kila mwezi. Mikono ikatetemeka, shingo ikakakamaa, na mtaani nikajulikana kama yule wa sindano. Posa mbili zilikataliwa kwa ajili ya jina hilo. Niliishi hivyo kwa muda wa miaka 24.

Mwaka 2016 mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na miaka minne, alipimwa akaonekana ana usonji. Shangazi alipoelezwa dalili moja baada ya nyingine, aliniangalia akasema, "Mwanangu, huyu si ndiye wewe mtupu?"

Ilichukua mwaka mzima kumpata daktari bingwa na mwanasaikolojia waliokuwa tayari kumchunguza mtu mzima, maana wataalamu wa kazi hiyo ni wachache. Mtu asidhani kuna kipimo cha damu au picha ya kichwa kinachomaliza jambo hilo. Usonji hutambuliwa kwa kumwangalia mtu, kuzungumza naye na, zaidi ya yote, kuijua historia ya utoto wake. Swali ni lilelile la Kolvin la mwaka 1971: mambo haya yalianza lini? Kama yalianza ukubwani, tazama kwingine. Kama yalikuwapo tangu mtoto anatambaa, simama hapo uchunguze.

Na nani ajuaye ulivyokuwa ulipotambaa? Wewe mwenyewe hujui. Mama yangu hakuwapo tena. Shangazi, akiwa na miaka 78, alipanda basi kutoka Tanga akaja kutoa ushahidi. Alieleza kwamba sikusema neno mpaka nilipofikia miaka minne, kisha nikaanza na sentensi nzima. Kwamba nilipanga vizibo vya soda barazani kwa rangi zao, na kimoja kikisogezwa nililia mpaka usiku. Kwamba ngoma ikipigwa mtaani nilijificha chini ya kitanda nikiwa nimeziba masikio. Kwamba nikiwa na miaka saba nilikuwa nimezishika saa zote za treni ya Tanga, na kila mgeni aliyekuja nilimtajia, atake asitake. Ripoti zangu za shule ya msingi, alizokuwa amezitunza sandukuni, ziliandikwa mwaka baada ya mwaka kwamba najua hesabu na sichezi na wenzangu.

Baada ya vikao vitatu daktari aliandika usonji. Alisema pia kwamba haoni ushahidi wa skizofrenia, na dawa zikapunguzwa polepole kwa miezi 18, kila hatua nikiangaliwa. Usonji hauponi, kwa kuwa si ugonjwa wa kupona. Bado kelele za sokoni zinaniumiza na bado ratiba ikibadilika ghafla napata taabu. Lakini sasa najua niziepuke vipi, na najua kwamba mwaka 1993 sikurukwa na akili. Nilikuwa mtu mwenye usonji aliyefiwa na mama yake.

Shangazi alifariki mwaka 2020.

Ndugu wasikilizaji, sitaki mtu aelewe vibaya. Skizofrenia ipo, ni ugonjwa wa kweli, na dawa zake zimeokoa maisha ya watu wengi. Tena mtu anaweza kuwa na usonji na skizofrenia pamoja, maana ukuta uliojengwa miaka ya 1970 una milango yake. Atakayeacha dawa kwa ghafla kwa sababu ya kunisikia mimi, atajidhuru. Na anayeomba kuchunguzwa upya awe tayari kuambiwa kwamba jina la kwanza lilikuwa sahihi. Hilo nalo ni jibu lenye faida.

Wala jambo hili si la skizofrenia peke yake. Wako walioandikiwa sonona, wengine wasiwasi, wengine ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na chini ya hayo yote palikuwa na usonji ambao hakuna aliyeuulizia. Wanawake ni wengi katika kundi hili. Tazameni tena zile orodha za mwanzo: wavulana sita, wavulana wanane, wavulana wanne. Vitabu viliandikwa kwa kuwatazama wavulana, kwa hiyo msichana mkimya aliyejifunza kuwaigiza wenzake alipita bila kuonekana.

Mwenye shaka juu ya jina aliloandikiwa zamani naomba afanye mambo matatu. Kwanza, aendelee na matibabu yake na amwambie daktari wake waziwazi kuwa anaomba kuchunguzwa kwa habari ya usonji. Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia daktari heshima. Ni kumwomba akusome kwa kitabu cha leo. Pili, atafute karatasi: kadi ya kliniki ya utotoni, ripoti za shule, hata picha. Tatu, na hili haliwezi kungoja, aende kwa mama, bibi, shangazi, mjomba au mwalimu wake wa zamani, akae naye, aulize alikuwaje alipokuwa mdogo, na aandike majibu kwa tarehe. Faili la hospitali huweza kukaa kabatini miaka 50. Kumbukumbu za wazee hazina kabati, na mwenye nazo akiondoka huondoka nazo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.